Hodi ya Tatu

Nimefika Barka, futi elfu moja chini ya tumbo langu,
pwani kuliani, bahari kushotoni,
jua limekaa kwenye kioo kama mgeni asiyeaga.
Ndege ina viti viwili. Kimoja nimekipa
chupa ya maji, ramani, na viatu vya kushukia.

Hapa mbele kuna ukuta.
Kwenye ramani ni wino wa buluu;
huku juu ni hewa ileile, weupe uleule wa Julai,
na shakwe anaupita bila kumwomba mtu.
Mimi si shakwe. Nabonyeza kitufe:
hodi.

Hakuna nafasi hata ya kumeza mate.
Wa Kochi anashuka, wa Doha anapanda,
wa Salala anaomba njia ya mkato,
na sauti moja mnarani inawapakulia wote namba
kwa Kiingereza kilichonyooshwa kwa pasi,
kama mama mwenye sufuria moja
na sahani kumi na nne.

Hodi ya pili.
"Kilo Bravo, subiri."

Nazunguka juu ya mitende.
Bawa linanyoosha kidole: paa lenye matangi mawili,
lori la maji, mtu anayeosha gari
asiyejua kwamba namwona anavyoruka povu.
Bibi Zuwena alitufunza, kwetu Al Khoudh:
hodi ni tatu. Usipojibiwa, geuza kisigino,
wala usichungulie dirishani.
Nami leseni yangu yote
ni ya kuchungulia dirishani.

Ya tatu, mlango ukafunguliwa kidogo:
fuata ufuko, usipande,
ukifika kisiwa cha Fahal, zunguka hapo.
Narudia neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni.
Seeb inapita, uwanja wenyewe, lami pana
ambayo ndege yangu ingeweza kutua kwa upana wake.
Azaiba, watu majini, vichwa kama tende zilizomwagika.

Fahal ni jiwe lililopakwa chokaa na ndege wengine.
Meli za mafuta zimelala kulizunguka.
"Kilo Bravo, ndege kubwa, mashariki yako, maili tano,
inashuka. Umeiona?"

Natazama. Ukungu.
Mng'aro wa maji. Doa linalosogea:
ni mdudu aliyekufa kwenye kioo tangu Sohar.
Neno lenyewe ni fupi, nimeiona,
tamu mdomoni, linafungua njia;
ila ukishalisema, mnara unaondoa mkono wake
na kilichobaki kati yenu wawili ni chako.
Mwalimu Varghese aliniambia, akimenya chungwa
kivulini mwa bawa:
usimwonee mtu kitu ili kumfurahisha.

"Bado natafuta," nikasema,
na wa Kochi, wa Doha, wa Salala, wote wakasikia
kwamba kuna mtu hapa chini haoni.

"Haya," ilijibu sauti. "Endelea kuzunguka."

Nikazunguka.
Ikatokea nisikotazama, chini zaidi,
magurudumu nje, tumbo la kijivu, kubwa kama mtaa,
kimya kabisa.
"Nimeiona."
"Pita nyuma yake. Jihadhari na upepo iliouacha."
Nikasubiri hadi nafsi iliposema basi,
kisha nikapita, na chupa ya maji ikatikisika kidogo tu.

Baada ya Qantab, milima inapotumbukia baharini,
akaniruhusu niondoke kwenye masafa yake, siku njema.
Hapo ndipo neno likanirudia.
Haya?
Halimo katika kitabu chochote cha mnarani.
Limetoka nyumba gani, jiko gani,
kwa mama gani anayegombana na muuza samaki
kwa lugha ambayo jirani mpya haelewi?
Nikaachia kitufe kwanza,
ndipo nikasema ahsante, nikaiambia ramani.

Mbele ni Qurayat, hewa isiyo na mwenyewe.
Hakuna wa kumpigia hodi.
Natazama kulia, kushoto, juu, chini,
kulia tena.